Sura ya Sita: Chafya ya Maalim

"Sikiliza mwenyewe," Mungai alisema, akachomeka flashi kwenye kompyuta. "Halafu uniambie kama huyo si mwizi."

Nzioka alivuta kiti karibu. Ofisi ilikuwa orofa ya juu ya jengo la maduka kule Karen, na dirisha lake lilitazama maegesho ya magari na miti mirefu kupita paa. Mungai alikuwa mkurugenzi wa Hazina ya Sauti, kampuni iliyouza vitabu vya kusikiliza, mahubiri na mawaidha kupitia simu. Nzioka alikuwa amestaafu upelelezi wa polisi, na sasa alifanya kazi ile ile kwa yeyote aliyemlipa. Leo aliyemlipa alikuwa Mungai.

Sauti ya mzee ikatoka kwenye spika. Ilikuwa sauti ya upole, ya mtu asiye na haraka, na Kiswahili chake kilikuwa cha Mombasa. Alitoa salamu, akasema somo la leo ni haki za jirani.

"Maalim Sadiq," Mungai alisema. "Alifariki mwaka jana. Masomo yake ni yetu kwa mkataba, na hayapatikani popote ila kwenye programu yetu. Kule kuna kufuli. Huwezi kunakili, huwezi kumtumia mwenzako. Tena kila mteja anapata sauti yenye alama ya siri ndani yake. Sikio halisikii, lakini mashine yetu inaisoma. Mteja akiiba, namjua kwa jina."

"Na hii?"

"Hii haina alama. Imeoshwa. Mtu amevunja kufuli, akafuta alama. Hiyo ni kazi ya fundi."

Fundi mwenyewe alikuwa amekwisha kupatikana. Flashi hiyo ilitoka kwa duka la vitabu katikati ya jiji, na polisi walipofuatilia walikuta masomo yale yale kwenye kompyuta ya kijana aitwaye Zedekiah, mtengeneza simu wa Kenyatta Market. Alikuwa korokoroni tangu jana, na kesho asubuhi angepandishwa kizimbani.

"Amenyamaza kama jiwe," Mungai alisema. "Ninayotaka kwako ni mambo mawili. Alivunjaje kufuli, na alifanya hivyo kwa niaba ya nani. Andika ripoti leo, iingie kwenye faili ya mashtaka."

Nzioka aliinamia spika. Alikuwa akisikiliza. Kwenye spika, Maalim Sadiq alivuta pumzi, akakatiza sentensi, akapiga chafya kubwa.

"Alhamdulillah," Maalim akasema.

"Yarhamukallah," sauti nyingine ikamjibu, ikimwombea rehema, kwa chini, karibu mnong'ono. Mahali fulani nyuma yake kengele ndogo ikalia, ting, kisha somo likaendelea.

"Rudisha hapo."

Mungai akarudisha. Chafya, shukrani, jibu, ting.

"Huyo anayemjibu ni nani?"

"Mwanafunzi, bila shaka. Si alikuwa mwalimu?"

"Ulikuwepo akirekodiwa?"

"Mimi ni mkurugenzi, Bwana Nzioka. Sikai chumba cha mitambo."

Nzioka alichukua simu yake, akafungua programu ya kampuni. Chini ya picha ya Maalim palikuwa na kitufe cha kijani kilichoandikwa *Jiunge*.

"Zamani hapa paliandikwaje?"

"*Nunua*. Tumebadilisha mwezi uliopita. Sasa wote wanalipa kila mwezi."

"Na wale waliokuwa wamekwisha kununua?"

"Hakuna aliyenunua. Walilipia ruhusa ya kusikiliza. Masharti yako pale chini, mtu yeyote anaweza kusoma."

"Kwa hiyo mliwafungia."

"Tuliwahamisha. Na tuliwapa notisi hadi mwisho wa mwezi." Mungai akatabasamu kidogo. "Ukikaa nyumba ya kupanga, mwenye nyumba si anaweza kubadilisha kodi?"

"Anaweza," Nzioka alisema. "Lakini huwa hajaandika *Inauzwa* mlangoni."

Tabasamu likaondoka. Mungai akachomoa flashi, akampa. Nzioka akaomba pia kusikia somo lenyewe kutoka kwenye programu, lile halisi. Mungai akabonyeza hapa na pale kwenye kompyuta yake.

"Nimekufungulia. Itajifunga yenyewe jioni."

"Hata kwa mtu wako?"

"Kufuli haijui mtu wangu ni nani."

Alisema hivyo kwa fahari, na Nzioka akaliweka neno hilo akilini. Mteja aliyekuwa na haraka ya kumwona mtu gerezani kabla hajajua kosa lilifanywaje, huyo naye alifaa kuangaliwa.

*

Zedekiah aliletwa bila mshipi wala kamba za viatu. Alikuwa kijana mwembamba wa kutoka Vihiga, mwenye vidole virefu vya mtu anayeshika vitu vidogo.

"Wewe ni wakili?"

"Hapana. Nimelipwa na kampuni."

"Basi hatuna maneno, mzee. Rudi ukawaambie niko sawa, chai ya huku ni tamu sana."

"Kibanda chako kiko upande gani wa soko?"

Swali hilo halikuwa lile alilolitarajia. "Kwa wachoma nyama. Kulia wanakata mbavu, kushoto ni saluni. Kwani unataka kusuka?"

Nzioka akapitisha kiganja juu ya upara wake. "Mashoka na vikausha nywele. Mchana kutwa?"

"Mpaka soko inafungwa. Mimi huongea na wateja kwa mikono kama kiziwi."

Nzioka akatikisa kichwa. Katika flashi hapakuwa na shoka wala saluni. Palikuwa na mzee, mnong'ono na kengele ndogo, na kimya cha nyumba iliyofungwa madirisha.

"Ulivunjaje kufuli?"

Zedekiah akacheka mpaka askari mlangoni akageuka. "Kufuli gani? Mzee, mimi hubadilisha vioo. Ningekuwa na akili ya kuvunja kufuli ya hao watu ningekuwa naishi Karen, sio kulala kwa simiti. Hiyo kitu ilikuja ikiwa wazi, kwa simu. Kazi yangu ilikuwa kutoa kwa simu, kuweka kwa flashi. Hata nilisema wacha nitoe hiyo chafya, inaharibu somo. Nikakatazwa kabi—"

Akarudi nyuma kwenye kiti.

"Nani alikukataza?"

"Mteja."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Mteja."

"Mteja huyo analala kwake leo. Wewe unalala wapi?"

"Nilipewa siri, nikasema nitakaa nayo." Zedekiah alitazama meza. "Bibi yangu, Milcah, yuko huko nje tangu jana, ameniambia hayo yote unataka kuniambia, na amelia juu ya hayo. Kama yeye hajanitoa neno, wewe utanitoa?"

"Ukipatikana na hatia, kibanda kitafungwa. Hakuna atakayekuachia simu yake tena."

"Na nikitaja mteja, nani ataniachia?"

Nzioka akanyanyuka. Huyo kijana angeweza kuwa mwongo, lakini aliropokwa neno moja ambalo mwongo hangelitunga. Mtu anayeiba masomo ili ayatumie angeshukuru kuondolewa chafya. Kuna aliyekuja na masomo hayo, akaambiwa yatasafishwa, akasema chafya ibaki.

*

Duka la Jabir lilikuwa kwenye uchochoro karibu na msikiti, katikati ya jiji. Lilinukia udi na karatasi mpya. Vitabu vilipangwa mpaka darini, na kofia zilizodariziwa kwa mkono zilitundikwa mlangoni. Jabir mwenyewe alikuwa mnene, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri.

"Karibu, bwana mkubwa. Kofia? Kichwa hicho kinapigwa jua bure."

"Nataka masomo ya Maalim Sadiq. Sema bei."

Mkono wa Jabir ulisimama juu ya kofia. "Hayana bei."

"Kila kitu mjini kina bei."

"Hata wewe?"

"Hata mimi," Nzioka alisema. "Nimelipwa na kampuni ya Karen."

Jabir akamtazama upya, kuanzia viatu. Kisha akafungua droo, akatoa flashi ya pili, akaiweka juu ya meza mbele yake waziwazi. "Polisi walichukua moja. Hii hapa nyingine. Anayetaka ananakili, anairudisha, anamwombea marehemu. Siuzi. Ni sadaka, thawabu zimfikie alikolala. Kawaulize majirani wote kama kuna aliyetoa hata shilingi."

"Na nani aliyeileta?"

"Mwenye kutaka thawabu."

"Nawe unafaidika nini?"

"Ndiyo maana hatutaelewana, bwana. Wewe kila mlango unatafuta nani anayefaidika."

Ilikuwa kweli. Tangu asubuhi Nzioka alikuwa akitafuta faida, na hakuiona mfukoni mwa mtu yeyote isipokuwa Mungai. Jambo hilo halikumpendeza. Wizi usio na faida una sababu nyingine, na sababu nyingine huwa karibu na nyumbani.

"Yule mwanafunzi anayemjibu Maalim akipiga chafya," alisema, "unamfahamu?"

"Mwanafunzi gani? Masomo yale Maalim aliyarekodi akiwa mgonjwa, kwenye kichumba cha kampuni, peke yake. Mimi nilimpeleka kwa gari siku mojawapo. Nilikatazwa hata kusimama mlangoni, eti pumzi zangu zitasikika."

Nzioka akaomba kiti. Alivaa visikizio, akafungua programu, akatafuta somo la haki za jirani. Hii ilikuwa sauti halisi, safi kama maji. Maalim alivuta pumzi, akakatiza sentensi, akapiga chafya.

"Alhamdulillah."

Kisha kimya kifupi, na somo likaendelea. Hapakuwa na jibu. Hapakuwa na kengele.

Alisikiliza tena ili asijidanganye. Kisha akaomba flashi ya Jabir ichezwe kwenye redio ya dukani. Chafya, shukrani, na hapo hapo mnong'ono: Yarhamukallah. Ting.

Basi mwanafunzi hakuwa kwenye chumba cha kampuni. Alikuwa kwenye chumba cha mnakili, na ndiye mnakili mwenyewe. Kufuli haikuwa imevunjwa hata kidogo. Mtu alikuwa ameweka simu moja iseme na simu nyingine isikilize, na ile alama ya siri ambayo sikio halisikii ilikuwa imepotea hewani kati ya simu na simu. Kazi hiyo haikuhitaji fundi. Ilihitaji nyumba yenye utulivu na mtu mwenye subira.

"Jabir," Nzioka alisema, akivua visikizio. "Wewe ukisikia mtu amepiga chafya redioni, unamjibu?"

"Redioni?" Jabir alicheka. "Nijibu sanduku? Unamjibu mtu uliyekaa naye. Uliyemzoea. Unajibu hata kabla hujajua umejib—"

Alichukua kitambaa, akaanza kupangusa marufaa, kibao cha kuwekea msahafu, ambacho hakikuwa na vumbi.

"Maalim aliacha mjane?" Nzioka aliuliza.

"Sijui."

"Ulimbeba kwa gari lako, hujui kama alikuwa na mke?"

Jabir aliendelea kupangusa. Nzioka akatoka nje, akampigia simu karani wa Mungai, akaomba anwani iliyo kwenye mkataba wa marehemu. Hakusema ni ya nini. Alipewa ghorofa moja Kileleshwa.

*

Mlango wa lifti ulipofunguka kwenye orofa ya juu, kengele yake ililia. Ting.

Nzioka alisimama kidogo, akangoja mlango ujifunge. Kisha akapiga hodi.

Aliyefungua alikuwa mwanamke wa makamo mwenye suti ya ofisini na mtandio. Alisema jina lake ni Waridi, binti wa marehemu, na hakusogea mlangoni.

"Una karatasi ya mahakama?"

"Sina."

"Basi hatuna la kuzungumza."

"Waridi," sauti ikaita kutoka ndani. "Mgeni hasimamishwi nje. Mpishe aingie."

Bi Mahira alikuwa ameketi kando ya dirisha, mdogo wa umbo, leso mabegani. Nzioka alivua viatu, akaketi alikoonyeshwa. Akaletewa kahawa yenye tangawizi. Waridi aliketi kwenye mkono wa kiti cha mama yake kama askari.

"Mumeo alikuwa na sauti nzuri," Nzioka alisema.

"Alikuwa nayo."

"Unayasikiliza masomo yake?"

"Mama hasikilizi tena," Waridi alidakia. "Programu ilifungwa. Kama umetumwa kuuliza hilo, jibu umepata. Maliza kahawa."

Nje, jua lilikuwa limeshuka nyuma ya maghorofa. Nzioka alitoa simu, akaiweka mezani katikati ya vikombe, akabonyeza.

"Asalaam alaykum," Maalim Sadiq alisema chumbani mwake.

Midomo ya Bi Mahira ilisogea bila sauti. Waridi akaweka mkono juu ya goti la mama yake, akaubana. Nzioka aliona yote mawili. Somo likaendelea, jirani na ukuta wake, jirani na harufu ya chungu chake. Hakuna aliyegusa kahawa. Mahali pa chafya palikuwa karibu. Nzioka alipajua sasa kama anavyojua ngazi za kwake. Maalim akavuta pumzi, akakatiza sentensi—

"Muda wako wa kusikiliza umekwisha," sauti ya mashine ikasema. "Lipia ili uendelee."

Nzioka alibonyeza tena. Kitufe kilikuwa kimegeuka kijivu. Akatafuta somo, halikuwepo.

Waridi alicheka, kicheko kikavu. "Basi. Hao hao waliokutuma wamekunyang'anya ushahidi. Kwaheri, bwana." Akasimama, akaenda kushika mlango.

Nzioka naye akasimama. Alirudisha simu mfukoni polepole. "Kwaheri, Bi Mahira. Nimeshindwa. Kesho Zedekiah atasimama kizimbani peke yake."

"Zedekiah gani?"

"Mama, achana naye."

"Zedekiah gani, nauliza?"

"Fundi wa simu, wa Kenyatta Market," Nzioka alisema. "Yuko korokoroni tangu jana, na mkewe analia nje. Wanasema alivunja kufuli. Ameulizwa nani mteja wake, amekataa kusema."

Bi Mahira alimgeukia binti yake. Waridi alikuwa bado ameshika kitasa, lakini sasa alikuwa akitazama zulia.

"Ulijua?"

"Jabir alinipigia. Sikutaka usikie."

"Kijana wa watu analala kwenye simiti kwa ajili yangu, nami naletewa kahawa?" Hakupandisha sauti. Alitazama mahali simu ilipokuwa mezani.

"Hapo ilipokatika," akasema, "ndipo alipopiga chafya."

"Mama!"

"Nami nikamjibu. Umri mzima namjibu, nimnyamazie siku ile? Nlijiambia nisitie neno, simu itanisikia. Salamu zake zote nlizijibu moyoni. Nkaziba mdomo kwa leso. Lakini kwa ile chafya, jibu lilinitoka kabla sijalikamata." Akamtazama Nzioka. "Yule kijana alitaka kuniondolea hiyo chafya, maskini, kwa wema wake. Nkamwambia aiache. Masomo yako vitabuni, bwana. Chafya yake utaipata wapi?"

"Ulikuwa umeyanunua?" Nzioka aliuliza.

"Mwanangu huyu alinisomea. Pameandikwa *Nunua*. Nkasema bonyeza. Hapakuandikwa *Azima*, hapakuandikwa *Kodi*. Kisha ukaja ujumbe kuwa mwisho wa mwezi watamfunga. Watamfunga! Kama kwamba ni duka."

Waridi alirudi, akapiga magoti mbele yake. "Mama, ukienda kusema hayo watakushtaki wewe. Na huyu ni mtu wao. Amelipwa nao."

"Ni kweli," Nzioka alisema.

"Na utaandika nini?" Bi Mahira akamuuliza.

"Kwamba hakuna kufuli iliyovunjwa. Kwamba sauti ilinakiliwa kwa masikio ya simu nyingine, na kwamba anayejibu chafya si Zedekiah." Akavaa kofia aliyokuwa hajaizoea, Jabir alikuwa amemuuzia moja wakati akitoka. "Jina ni lako. Sitaliandika kama hukunipa. Lakini bila jina, Mungai atasema nimebuni."

Bi Mahira akanyanyuka. Alichukua muda kusimama, na alimkatalia binti yake kumshika.

"Niletee buibui langu."

"Watakuuliza uliiba nini."

"Nami ntawauliza nlinunua nini." Alikuwa tayari anatafuta viatu kwa mguu. "Na ulete simu zangu, Waridi. Zote mbili."

"Za nini mbili?"

"Moja nimpigie mke wa yule kijana, nimwambie asilie. Nyingine nitaiweka mezani kwa polisi, isikilize. Watu hawa wakikupa kitu leo, kesho hakipo. Nataka nibaki na nakala."

Walitoka wote watatu. Kwenye ukumbi Waridi alibonyeza kitufe, na kengele ya lifti ikalia.

Bi Mahira akamtazama Nzioka. "Na hiyo pia imo, siyo?"

"Imo," Nzioka alisema, akamshikia mlango.